Walii Aliyeogopa Kuketi

Waliomfahamu Ukasha pale Kasese walimfahamu kwa sauti. Alikuwa dereva wa lori aliyeteremsha kahawa kutoka Kyarumba kwa miaka mingi, na akiingia sokoni hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba amefika. Alipoanza kunyamaza, watu walidhani ni uchovu wa upasuaji. Tezi dume ilikuwa imevimba, akapasuliwa, akarudi nyumbani amekonda. Hawakujua kwamba tangu hapo hakuweza kuzuia mkojo. Akikohoa unatoka. Akiinuka kitini unatoka. Akiinama kusujudu, unatoka.

Daktari alimwambia hali hiyo ingepungua miezi ikipita, na kwa sasa avae pampasi za watu wazima. Namna ya kuzivaa hakuelezwa, naye hakuuliza. Alijinunulia mwenyewe katika duka la dawa la mtaa wa mbali, akachagua saizi kubwa kuliko zote, kwa imani kwamba kikubwa hubeba zaidi. Ijumaa moja msikitini, akiwa kwenye sijida, alihisi kitu cha moto kikimteremka pajani. Alipotoa salamu mwisho wa sala aliona mkeka umelowa. Akaimwaga chupa yake ya maji papo hapo, akajifanya imemponyoka, akatoka nje bila kumtazama mtu. Hakukanyaga tena msikitini.

Mkewe, Latifah, alikuwa akifua mashuka na kuyaona yote. Kila alipofungua kinywa kuuliza, mumewe aliinuka akaenda kukaa kwenye lori lake lililoegeshwa uani.

Ndipo ikaja harusi ya Salmah, binti yao. Salmah alilelewa Bwera kwa shangazi yake Mastula, na huko ndiko alikoposwa na Siraj, kijana anayevusha vitenge na sabuni mpakani. Nikaha ingefungwa uani kwa Mastula baada ya sala ya adhuhuri. Baba ndiye walii, msimamizi anayemwoza binti. Angeketi mkekani, goti kwa goti na bwana harusi, amevaa kanzu nyeupe, watu wote wakimtazama. Ukasha aliliwaza jambo hilo mpaka usingizi ukamkimbia. Mwishowe akampigia dada yake simu, akamwambia atafute mtu wa kumwakilisha, yeye hataweza kuja. Sababu hakuitoa.

Maneno hayakai ndani ya nyumba yenye harusi. Kabla ya siku kupita, upande wa Siraj walikuwa wamesikia kwamba baba wa bibi harusi anasusa. Wengine wakasema hataki binti yake aolewe na mtu wa mpakani. Salmah akapiga simu, akalia tu, hakusema neno. Kisha, siku moja kabla ya harusi, akafika Kasese ami yake Siraj, Baker, mtu mzima anayebadilisha fedha za Kongo pale Bwera na asiyependa kuzungushwa. Aliketi sebuleni, akakataa chai, akasema kwa upole ulioogofya kuliko ukali kwamba atalala kwa jamaa yake mjini, na kesho asubuhi atapita na gari. Mzee akipanda, harusi ipo. Asipopanda, wao wataelewa.

Asubuhi Ukasha akapanda.

Hakuwa amekunywa hata tone la maji tangu jana, akidhani asiyekunywa hakojoi. Chini ya kanzu alikuwa amevaa pampasi mbili, moja juu ya nyingine, na juu yake kaptula ya kuzibana. Zilikuwa pana, zimejikunja kiunoni kama kitambaa alichofungwa mgonjwa, na alipotembea miguu ilikataa kukaribiana. Latifah alimtazama akipanda mbele, kando ya Baker. Yeye akakaa nyuma na kikapu chake mapajani.

Walipita Kikorongo. Mkojo wa mtu mwenye kiu huwa mkali, na ukali huo ulimchoma kibofu kama pilipili. Latifah alisema wasimame kidogo anyooshe miguu. Ukasha akajibu kwa mkato kwamba waendelee. Baker alimtupia jicho, akaongeza mwendo.

Mbele ya Kinyamaseke walikuta askari barabarani. Siku hizo upekuzi ulikuwa umezidi, na kila gari lilisimamishwa. Watu walikuwa wakishikwa na magendo waliyojifunga mwilini, chini ya nguo. Waliamriwa kushuka wote. Askari mmoja kijana, jina lake Turyamureeba limeandikwa kifuani, alimtazama Ukasha anavyoshuka kwa tabu, miguu imeachana, mkono mmoja umeshikilia kiuno.

"Wewe mzee, kuja hapa," akasema. "Iko nini huko ndani ya kanzu?"

"Hakuna kitu, afande."

"Hakuna kitu, na unatembea hivyo? Inua."

Abiria wa gari jingine waligeuka. Baker alikuwa amesimama upande wa pili wa gari, amekunja mikono. Ukasha alimwona usoni kwamba sasa anadhani ameelewa kila kitu: kumbe ndiyo maana mzee hakutaka kusafiri, ana mzigo wa magendo, na leo atawatia aibu wote. Hakuinua kanzu; mkono ukabaki kiunoni. Askari akashika bunduki vizuri zaidi, akamwita mwenzake.

Latifah akapiga hatua mbele. "Afande, huyu ni mgonjwa. Naomba mumwangalie faragha."

"Mama, rudi kwa gari."

Akarudi, lakini hakuingia ndani. Wakampeleka Ukasha nyuma ya kibanda cha mabati. Hapo, mbele ya vijana wawili wenye umri wa watoto wake, akapandisha kanzu. Hofu ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake: mkojo ulitoka wote kwa mara moja, ukapita pembeni mwa mapaja, ukalowesha kaptula na pindo la nyuma la kanzu. Turyamureeba aliona, akageuza uso upande.

"Vaa, mzee," akasema kwa sauti nyingine kabisa. "Enda. Pole."

Akatoka nyuma ya kibanda, kanzu imemganda miguuni. Baker alitazama doa, akatazama uso wa mwenye doa, mikono yake ikakunjuka. Latifah alitandika kitenge kwenye kiti, Ukasha akakaa, gari likaondoka. Waliposogea kidogo Ukasha akasema, macho yakiwa barabarani:

"Baker, nigeuzie gari. Nirudi Kasese. Waambie nimekufa, waambie lolote."

Baker hakugeuza. Latifah ndiye aliyejibu kutoka nyuma.

"Baba Salmah, nimenyamaza vya kutosha. Ukirudi leo, binti yako ataamini mpaka anazeeka kwamba ulimkataa. Mkojo utafuliwa. Hilo halifuliki."

Bwera walikuta uani kumejaa, mikeka imetandikwa, sufuria za pilau zimeinjikwa. Baker alipitisha gari nyuma ya nyumba bila kuambiwa, akashuka, akaenda kuwaambia wenzake kwamba mzee amefika, anajitayarisha. Mastula akawafungulia chumba chake, akaleta ndoo ya maji ya uvuguvugu, akatoka.

Latifah alifunga mlango. Akatoa kutoka kikapuni paketi ambayo mumewe hakuwahi kuiona, na kanzu ya pili iliyokunjwa. Alimwambia kwamba alikwenda peke yake kwa nesi Nuwasiima pale Kasese, amechukua vipimo vya suruali ya mumewe kwa futi ya fundi cherehani. Nesi akamwambia saizi kubwa ndiyo adui: ikipwaya miguuni, mkojo unapita kama maji kwenye mfereji uliobomoka. Paketi ile ilikuwa imefichwa kabatini siku nyingi, ikingoja mumewe aseme neno.

Ukasha alikaa kwenye ndoo nyingine iliyopinduliwa, kichwa chini. Uani sauti ya mtu iliuliza walii yuko wapi.

Latifah alimwinua, akamvua kanzu na kaptula, akachana pampasi zile pembeni, moja baada ya nyingine, zikaanguka bila kumpaka mapajani. Ya nje ilikuwa kavu kabisa. Akamwonyesha.

"Umeona? Ya ndani ina nailoni upande wake wa nje. Mkojo hauwezi kuvuka kwenda ya pili, unatafuta pembeni. Mbili si kinga. Vaa moja, inayokukaa."

Akamwosha, akamkausha kwa taulo bila kusugua, maana ngozi ya kinena ilikuwa nyekundu, imechubuka, na ile siri yote ilikuwa imeandikwa hapo. Akampaka mafuta kidogo tu. Mengi, alisema, huziba pampasi isinyonye. Kisha akaivuta ile mpya kwanza kuipanua, akamwonyesha upande wa nyuma. Ukasha akaingiza mguu mmoja, akaingiza wa pili, akaipandisha mpaka ikagusa kinena barabara.

"Hicho kielekeze chini," Latifah akasema, uso mkavu. "Kikielekea juu, kiuno ndicho kitakacholowa."

Nusura Ukasha acheke, akashindwa. Mkewe akapitisha kidole kuzunguka paja, akavitoa nje vile vikunjo vya mpira vilivyokuwa vimejikunja kwa ndani, kushoto na kulia. Akavuta nyuma ikae juu kidogo. Akamvisha kanzu ile ya pili, akamwambia atembee, achuchumae, ainuke. Miguu ilikaribiana. Hakukuwa na uvimbe wala mchakacho. Mwishoni akamkabidhi kikombe cha maji, akasimama mbele yake mpaka kikaisha.

Akatawadha. Sheria aliijua tangu chuo cha Kurani, kwamba mwenye udhuru kama huo hutawadha kila wakati wa sala unapoingia na kusali kama alivyo. Ila alikuwa hajaamini kwamba udhuru ni wa watu kama yeye. Akatoka uani, akasali adhuhuri safu ya nyuma, kisha akaketi mkekani.

Siraj alikuwa akitoka jasho. Sheikh alishikanisha mikono yao. Ukasha alipojikunja kusogea mbele, alihisi kabisa umoto ukitoka, ule ule wa msikitini. Sheikh alikuwa amekwisha kumtamkia maneno, akimngoja ayarudie. Mastula, aliyesimama mlangoni, alishika kinywa. Kwa upande wa pili Baker alimtazama, akatikisa kichwa kwa kukubali mara moja tu, taratibu, kama mtu anayemwelekeza dereva arudishe lori nyuma bila hofu.

Ukasha akangoja umoto ule uteremke pajani. Haukuteremka.

"Nimekuoza binti yangu Salmah," akasema, na sauti yake ya sokoni ikafika hadi barabarani, "kwa mahari tuliyokubaliana."

Siraj akakubali kwa haraka, watu wakacheka kwa faraja, vigelegele vikapanda.

Baadaye, wageni walipokuwa wakila, Salmah alimfuata nyuma ya nyumba, hina ingali mbichi viganjani. Alimuuliza swali moja: kwa nini hukutaka kuja? Baba yake alitamani kusema ni homa. Akamwambia ukweli, kwa maneno machache, hata habari ya askari. Salmah alisikiliza mpaka mwisho, na kilichomjia usoni hakikuwa huruma.

"Wiki nzima nimelia, Baba. Nilijua unanikataa."

"Najua."

"Ungeniambia tu."

Salmah akapangusa macho kwa mgongo wa mkono asiharibu hina.

"Na sasa? Uko sawa?"

"Niko sawa. Ila imekuwa nzito. Nahitaji kubadilisha, na chumbani kwa shangazi yako wamejaa wanawake."

Salmah akaingia ndani. Akawatoa wote, mashangazi na marafiki, bila kumweleza yeyote sababu. Baba yake alipoingia, akavuta mlango, akauegemea kwa nje na mavazi yake yote ya harusi. Kila aliyekuja kutafuta viatu au mkoba, Salmah alimwambia chumba kina mtu, asubiri.