Suti ya Kutetemekea

Fundi alikuwa akitunga uzi kwenye sindano, na sindano ilikuwa haitaki. Siku hizi kazi hiyo ilikuwa ya mkewe, ila mkewe alikuwa ametoka kununua zipu, na mteja alikuwa amekaa kwenye benchi. Mkono wa kulia wa fundi ulitetemeka kama kawaida, kwa sababu alikuwa na Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaotetemesha mwili. Mteja alijifanya anatazama picha za mitindo ukutani. Wateja wote walikuwa wakizitazama sana zile picha.

Mambo ya nguo yalianzia kwenye sare za shule. Mama mmoja alirudisha sketi ya mwanawe, akasema inatetemeka. Fundi akaitundika msumarini, wakaitazama wote watatu. Kweli, ilitetemeka, taratibu, zaidi upande wa kulia, na upepo haukuwepo.

"Ukiifua itaacha," mke wa fundi alisema. "Ni kama rangi inayochuja."

Ikafuliwa, ikaacha. Tangu hapo kila nguo ilitoka na onyo hilo. Bwana mmoja wa benki alisahau kufua shati lake, akatetemeka kutwa nzima mpaka msimamizi akamwondoa dirisha la mbele asiwatishe watu. Jioni akalivua, akatulia. Hakugombana na mtu, alitafuta fundi mwingine tu.

Wateja wakapungua, wala si kwa ajili ya nguo, maana nguo zilikaa mwilini vizuri ajabu. Walichoogopa ni ule mkono. Majirani walisema mtu huyu amelaaniwa, na hao hao wakasema inaambukiza. Wachague moja, jamani! Hawakuchagua. Salamu za mkono zikageuka za mdomo, na kikombe chake kwenye mkahawa wa jirani kikawekwa rafu ya peke yake.

Aliyempa moyo ni daktari mmoja wa hospitali kuu, binti wa kusema haraka haraka. Alimweleza kuhusu seli shina, seli changa ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini, na ambazo maabara inaweza kuzifundisha kuwa za ubongo. Zilitoka kwenye viinitete, yaani mimba changa zilizotungishwa maabara, vilivyobaki baada ya watu kusaidiwa kupata watoto. Wenyewe walikuwa wameviruhusu vitumike.

"Hatuahidi kupona, mzee," alisema. "Tunaahidi kujaribu. Na wewe umo."

Fundi alirudi nyumbani kwa furaha, akanunua mkasi mpya, yeye ambaye hata wa zamani alikuwa hawezi kuushika.

Kisha ukaja mswada wa kupiga marufuku utafiti ule. Aliyeupeleka bungeni alikuwa mteja wa fundi tangu enzi za ukondefu wake. Akaja dukani na dereva, mikono nyuma, akaagiza suti nyeusi ya siku ya mjadala.

"Wewe ndiye unayelijua tumbo langu," alisema.

"Mheshimiwa, mswada ukipita, jaribio la hospitali litafungwa?"

"Litafungwa. Vile ni viumbe, Fundi. Hatuwezi kuua ili tuponye."

"Na visipotumika vinakwenda wapi?"

"Vinachomwa. Hospitali ina tanuri, na kuna utaratibu wake."

"Mimi ni mmoja wa waliokuwa wakisubiri, Mheshimiwa."

Mheshimiwa alimtazama kwa huruma ya kweli, maana hakuwa mtu mbaya. "Nitakuombea," alisema, akainua mikono apimwe. Mke wa fundi ndiye aliyempima.

Alipoondoka, mke wa fundi alitupa futi mezani. "Mshonee," alisema. "Kwa mkono wako, kila mshono. Na onyo la kufua usimpe. Akatetemeke mbele ya watu aonje, halafu atuambie tena habari za kuomba."

"Si vizuri, mama watoto."

"Si vizuri kweli. Mshonee."

Akashona. Hapo ndipo walipokosea, wote wawili: waliamini kwamba mtu akionja atajua, na watu wakimwona mkubwa anatetemeka wataelewa.

Siku ya mjadala waliwasha televisheni ya dukani. Mheshimiwa alisimama. Mkono wa suti ukaanza, kisha karatasi, kisha glasi ya maji ikamwagika. Aliutazama mkono wake, mdomo wazi, na kwa muda mfupi uso wake ulikuwa wa mtu aliyeogopa kabisa. Mke wa fundi alimshika mumewe bega.

"Waheshimiwa," Mheshimiwa alianza, na sauti nayo ilitetemeka.

Sauti ikapazwa kutoka viti vya nyuma: "Mtazameni! Anatetemeka kwa uchungu wa uhai!"

Ukumbi mzima ukasimama, makofi kama mvua juu ya mabati. Mheshimiwa hakuwa mjinga. Aliunyanyua mkono ule juu, akauacha hapo hapo mpaka mwisho wa hotuba. Mswada ukapita.

Siku iliyofuata friji za maabara zilifunguliwa, na vilivyokuwemo vikapelekwa tanuri moja na bandeji chafu. Daktari alipiga simu mwenyewe, analia. Fundi akamwambia, "Hujanikosea kitu, mwanangu," akakata. Kisha akalia yeye. Kuyafuta machozi kwa mkono ule kulichukua muda.

Dereva akaja na agizo jipya: suti nyingine kama ile, isifuliwe. Wabunge wengine wakafuata. Mmoja alitaka kutetemekea barabara, mwingine bei ya sukari. Duka halikuwa na wateja wengine, kwa hiyo fundi alishona.

Asubuhi ya kufungua bunge alizipeleka suti za mwisho mwenyewe pamoja na mkewe. Mlinzi akamzuia getini.

"Mzee, asubuhi yote hii umeshalewa?"

"Ni mgonjwa," mkewe alisema.

"Wote husema hivyo. Wekeni mzigo, mkae pembeni, waheshimiwa wanapita."

Wakapita wamevaa suti zilizotangulia, mikono ya kulia ya wote ikitetemeka, na mlinzi akawapigia saluti mmoja mmoja. Mheshimiwa alimwona fundi, akampungia. Fundi naye akainua mkono wake kujibu, lakini mlinzi aliushika akaushusha.

"Wewe mzee," alisema, "koma kumwigiza mheshimiwa."