Mnyororo wa Otsabide

Uongo wenyewe ulisemwa jikoni kwa Oier, mjini Bilbao, siku ya mvua ya mwezi wa pili, na aliyeusema alikuwa na mkate mdomoni. Markel alikuwa akiongea kwa simu na shangazi yake Bixenta, dada mkubwa wa baba yake, mwanamke wa miaka themanini na mmoja aliyeishi peke yake katika nyumba ya ukoo huko milimani. Shangazi alikuwa amechoka kungoja. Nyumba ya Otsabide, kama nyumba zote za bonde lile, haigawanywi. Huirithi mtu mmoja, na mtu huyo sharti awe na mwenzake, kwa kuwa nyumba ya mtu mmoja hufa pamoja naye. Markel alikuwa na miaka thelathini na minne na hakuwa na mtu. Binamu yake Nekane alikuwa na mume, na mume huyo, Gaizka, alishapita na futi mkononi akipima vyumba vya kuwapangishia watalii.

Basi shangazi alipouliza kwa mara ya kumi kama bado yu peke yake, Markel alisema hapana, ana mtu. Akaulizwa nani. Akatupa macho huku na huku kama mwanafunzi aliyeulizwa swali ambalo hakulisomea, na macho yakatua kwa rafiki yake aliyekuwa karibu na sinki akikata vitunguu.

"Oier," akasema.

Sauti ya shangazi ikasikika mpaka kwenye sinki. "Oier yule anayekula maharage sahani tatu?"

"Huyohuyo."

"Afadhali. Niliogopa utaniletea mtu asiyekula."

Kwamba Markel anapenda wanaume, pale Otsabide ilikuwa habari ya miaka kumi na mitano. Bixenta aliipokea akiwa anachuna sungura, akauliza tu kama hao wanaume wanajua kufyeka majani ya ng'ombe. Mwanamume hakuwa shida yake. Shida yake ilikuwa nyumba ya mtu mmoja.

Oier aliendelea kukata. Vitunguu vina faida yake: mtu hutokwa na machozi na hakuna anayemuuliza kitu. Alikuwa akimpenda Markel mwaka wa kumi na moja sasa, tangu siku Markel, fundi wa makabati ya jikoni, alipoletwa wodini na kidole gumba alichokiponda kwa nyundo, naye Oier, muuguzi mwanafunzi, akamsikia akikiomba kidole radhi. Hakuwahi kumwambia. Mwanzoni Markel alikuwa na mtu, kisha Oier akawa na mtu, kisha wote wawili wakabaki wapweke na wakazoea kuwa marafiki. Mazoea yana taabu. Yakishakaa, hata ukweli hupiga hodi kwanza.

Na kulikuwa na jambo ambalo Markel hakulijua. Kwenye droo, chini ya vijiko, kulikuwa na mkataba wa kazi katika hospitali moja ya Lyon, Ufaransa, kuanzia mwezi wa tisa, na Oier alikuwa ameshautia sahihi. Wengine husema dawa ya moto ni moto. Yeye aliona dawa ya moto wake ni umbali.

Markel alipokata simu alicheka sana, kisha akaomba. Chakula cha mchana kimoja tu, alisema, Jumapili moja ya mwezi wa tano. Watakula, watashikana mikono kidogo, shangazi atatamka mbele ya Nekane kwamba nyumba ni ya nani, watarudi mjini. Oier aliuliza, na baadaye? Baadaye watasema wameachana, kwani watu hawaachani kila siku? Mwenye akili angekataa. Oier alikuwa na akili nyingi, ila siku hiyo hazikuwa nyumbani. Alijiambia kwamba Markel akipata nyumba aliyokulia, hiyo itakuwa zawadi yake ya kumuaga.

Siku ilipofika walifanya mazoezi garini. Nani alianza? Nani anakoroma? Nani hali uyoga? Wakagundua kwamba hawana haja ya kutunga chochote. Markel alijua namba ya viatu vya Oier na siku ambayo mama yake alizikwa. Oier alijua kwamba Markel hulala na soksi moja. Markel aliona ni bahati njema kazi kuwa rahisi hivyo, akapiga mluzi njia nzima. Oier alitazama dirishani na kuumia.

Bixenta aliwapokea kwa maharage meusi, kabichi, soseji ya damu na pilipili za siki, akamkalisha Oier karibu na meko mahali pa heshima, pale penye moshi. Nekane na Gaizka walikaa ng'ambo. Markel na Oier walishikana mikono kama walivyopanga. Oier akala sahani moja, akaongezwa ya pili, na mambo yakawa yanakwenda vizuri kupita kiasi, mpaka Bixenta alipoanza habari ya paka.

Juu ya meko ya Otsabide ulining'inia mnyororo wa chuma, mweusi kwa masizi ya vizazi, ambao zamani ulibeba chungu. Kiumbe kipya akiletwa nyumbani, kuku au paka, huzungushwa mara tatu kuuzunguka mnyororo ule ili asiondoke. Mwezi uliopita Bixenta alileta paka wa kijivu, akamzungusha mara ya kwanza, akamzungusha ya pili, simu ikalia, akaenda kupokea. Aliyepiga alikuwa mtu wa kuuza bima. Jioni paka hayupo.

"Sasa yuko kwa jirani, kanenepa, tukikutana ananitazama kama hanijui," Bixenta akasema. "Mbili hazitoshi. Mama yangu alizungushwa tatu siku aliyoolewa humu, akakaa miaka sitini na miwili. Haya Oier, mwanangu, simama. Markel, mshike mkono umzungushe. Ukimaliza, nitasema neno langu."

Markel alikuwa amefikiria kila kitu isipokuwa mnyororo. Tangu azaliwe hakuwahi kuona mtu akizungushwa. Kwake yeye ulikuwa mambo ya paka. Hata hivyo alisimama haraka, akanyoosha mkono, usoni ana kile kicheko kidogo cha vumilia tu, tunamaliza. Oier naye alisimama. Aliutazama ule mkono, akautazama ukucha wa gumba uliopinda tangu ile ajali ya nyundo, kisha akatia mkono wake mfukoni.

"Siwezi, Shangazi," akasema. "Kula nimekula, na uongo nimesema tangu asubuhi. Ila hili siwezi."

"Unaogopa masizi?"

"Naogopa kuzungushwa na mtu anayeigiza. Mimi siigizi. Mimi nampenda huyu mwaka wa kumi na moja, na yeye ananishika mkono kwa ajili ya nyumba."

Uma wa Nekane ulibaki hewani. Gaizka alitazama dari, pengine alikuwa bado anapima. Bixenta alimgeukia mtoto wa ndugu yake akamuuliza kama ni kweli.

"Kwamba tumekudanganya ni kweli, Shangazi," Markel akasema. Kuhusu lile lingine hakusema kitu. Alisimama tu, mkono bado umenyooka, kama mtu aliyesahaulika akicheza ngoma wenzake wameshakaa. Na kimya kile ndicho kilichomchoma Oier kuliko yote, kwa sababu alikuwa amekitegemea na bado kikauma.

"Basi nyumba ni ya Nekane," Bixenta akasema. "Kaeni mmalize maharage."

Ndivyo walivyo watu wa bonde lile. Hasira ni hasira na chakula ni chakula. Wakakaa, wakamaliza. Oier hakuomba sahani ya tatu.

Njiani hakuna aliyepiga mluzi. Walipokaribia mji, Oier alitoa na siri ile ya Lyon, kwa kuwa aliona hana tena cha kuficha. Markel aliendesha mpaka taa nyekundu ikawasimamisha.

"Nyumba nimeipoteza mwenyewe, sikulaumu," akasema. "Lakini Lyon ungeniambia lini?"

"Ningekutumia kadi."

Markel alimshusha mlangoni na hakupanda. Zikapita wiki tano bila simu wala ujumbe. Oier alikwenda kazini, akarudi, akaanza kufunga vitabu kwenye maboksi. Alikuwa na huzuni na hakujidanganya kwamba ni kitu kingine. Mara moja alipiga hesabu akaona kwamba katika miaka yote ile hawajawahi kukaa siku nane bila kuongea, hata mwaka ule Markel alipokuwa na yule daktari wa meno aliyemchukia Oier waziwazi.

Aliyoyafanya Markel katika wiki hizo tano Oier aliyajua baadaye. Kila Jumamosi alipanda Otsabide kumfyekea shangazi yake majani, na shangazi alikuwa akisema naye habari za majani tu. Jumamosi ya nne, wakati wa kahawa, Markel alimwambia kwamba Nekane achukue nyumba kwa amani, yeye atatia sahihi popote anapotakiwa, hatagombana na mtu. Anaomba kitu kimoja tu, ule mnyororo. Bixenta akataka kujua wa nini. Markel akamweleza, na haikuwa hotuba fupi. Mama wa watu alisikiliza mpaka kahawa ikapoa.

"Nyumba isiyo na mnyororo ni kuta," akasema mwishowe. "Gaizka anataka kuta. Mwachie kuta."

Kisha, pamoja na miaka yake themanini na mmoja, akamshikia ngazi.

Jumamosi iliyofuata, asubuhi, kengele ya Oier ililia. Markel alikuwa amesimama mlangoni na mashine ya kutoboa mkono mmoja na gunia zito mkono wa pili, jasho linamtiririka, maana ni ghorofa ya nne na lifti ya jengo lile ni ya kuhadithiwa. Hakusalimia. Aliuliza dari ya jikoni ni zege au ni mbao.

"Nahama mwezi wa tisa," Oier akasema, "halafu wewe unakuja kunitobolea dari?"

"Nitaziba. Kuziba ni kazi yangu."

Akatoboa. Vumbi likamwagika juu ya maboksi. Akapachika ndoana, akafungua gunia, akautoa mnyororo wa Otsabide pete baada ya pete na kuuning'iniza juu ya meza, masizi yakadondoka kwenye bakuli la nyanya. Oier alikaa kwenye kiti akiutazama. Aliutambua mara moja, na moyo ukaanza kumwenda mbio kwa namna ambayo, kama muuguzi, angempeleka mgonjwa kupimwa.

Markel alinawa mikono, akaifuta kwenye suruali.

"Siku ile nilinyamaza," akasema. "Sikunyamaza kwa kukosa jibu. Shangazi aliponiuliza kwenye simu ni nani, jina lako sikulitafuta. Lilikuwa hapo hapo mdomoni, na mkate. Nikajiambia ni kwa sababu ulikuwa karibu na sinki. Imenichukua wiki tano kukubali kwamba sinki halihusiki. Mimi ni mzito, Oier."

"Hilo nalijua."

"Nakupenda. Nimechelewa, lakini nakupenda."

Oier alikuwa ameyangoja maneno hayo muda mrefu kiasi kwamba sasa hakujua ayaweke wapi. Akauliza kitu kilichokuwa karibu, akauliza, na Lyon? Kwani ameshatia sahihi, na yeye si mtu wa kuvunja ahadi.

"Mnyororo unabebeka," Markel akasema. "Na Wafaransa nao wana vyombo, lazima wanaviweka kwenye makabati."

"Na nyumba yenu?"

"Ya Nekane. Nimetia sahihi jana." Akanyoosha mkono, ule ule, wenye ukucha uliopinda, ila safari hii usoni hakuwa na kicheko. Alikuwa na hofu, na hofu ilimpendeza zaidi. "Pale nilikosea kitu kimoja. Anayezungushwa ni mgeni. Hapa ni kwako. Mgeni ni mimi."

Oier alisimama. Kwanza alisukuma meza ukutani, kwa sababu pasingepitika, kisha akasogeza maboksi kwa mguu. Akamshika Markel mkono na kuanza kumzungusha. Jiko lilikuwa dogo na Markel mkubwa. Mzunguko wa kwanza alijigonga nyonga kwenye friji, akaomba radhi, haikujulikana anamwomba nani. Mzunguko wa pili mnyororo ulimgusa bega ukamwachia mstari mweusi kwenye shati.

Hapo simu ikalia mfukoni mwa Markel. Ulikuwa mlio ule aliomwekea shangazi yake peke yake, na kwa mazoea Markel akapunguza mwendo, mkono wake wa pili ukaanza kushuka kuitafuta.

Oier akambana vidole zaidi.

"Iache ilie," akasema. "Bado mara moja."