Gunia la Karani

Niseme mapema msije mkaniona mwema: mimi ndiye niliyemtupa paka wa mama yangu. Nilimtia kwenye gunia kwa mikono yangu, nikafunga mdomo wa gunia kwa utepe niliouchana kwenye kitenge changu, nikalizungusha mara saba nyuma ya jiko. Kwetu kila mtu analijua hilo, paka ukimzungusha anapotewa na njia, harudi. Nililizungusha kuelekea kushoto, maana mimi ni mtu wa mashoto. Kisha nikampa binamu yangu Obedi, mchuuzi wa mpunga, akamwache Bahi huko majarubani. Kutoka kwetu Mtera hadi Bahi kwa pikapu lake ni karibu nusu siku. Niliona inatosha.

Msiniulize roho yangu ilikuwa wapi. Tangu baba afariki mama alikuwa peke yake. Mwezi wa pili wa mwaka huu aliteleza ukingoni mwa bwawa, akalala pale hawezi kuinuka tangu asubuhi hadi adhuhuri, na bwawa lile lina mamba. Mimi niko Dodoma, katibu muhtasi wizarani, napokea simu za wakubwa huku moyo wangu uko Mtera. Jirani yetu mzee Nikodemo alimtoa binti yake Erica aje kuishi na mama, na mama akafurahi. Mimi nikakataa. Mama yangu atunzwe na watu baki, na mimi nipo? Nikachukua likizo nikamfuata, nikamwambia aje kwangu Mkonze, hapo hapo Dodoma, nyumba ninayo na chumba ninacho.

Mama akauliza nani atamlisha Karani. Huyo Karani alikuwa dume la rangi ya chungwa, sikio moja limechanika. Baba alimpa jina hilo kwa sababu wakati wa kula alikaa wima kando ya sahani, anamkagua kila mtu. Ukigonga mfuniko wa sufuria mara tatu, popote alipo atakuja. Nikasema tumchukue basi. Mama akasema paka ni wa nyumba, si wa mtu, hahami, na yeye hamwachi. Jamani, mtu mzima anapangiwa maisha na paka! Nilipandwa na hasira, na mengine nimeshawaambia.

Mama aligonga mfuniko siku nane. Siku ya tisa aliufunga ule mfuniko kwenye kanga, akasema haya, twende.

Obedi alitupeleka. Tulipoingia mjini nilitaka mama aupende, nikamwonyesha Bunge, nikamwonyesha maghorofa. Penye kipilefti kimoja tulizunguka mara tatu, maana mimi nasema njia hii, Obedi anasema ile. Mama alikuwa ameukumbatia mfuniko wake mapajani.

Mkonze hakuna alichokosa. Maji bombani, zahanati jirani, majirani wanamwamkia shikamoo asubuhi na jioni. Lakini alikula matonge mawili tu, na kila saa kumi alasiri alisimama getini akitazama kusini mpaka jua linatua. Ilipofika Mei nguo zilikuwa zinamvuka. Daktari alimpima kila kitu akasema hana ugonjwa. Hapo niliogopa kweli. Nilimtoa kwake asije akafa peke yake, na sasa anafia mikononi mwangu, polepole, bila kulalamika.

Mwenzangu wa masjala, Anitha, ndiye aliyesema mletee kitu cha kulea. Anitha ana moyo wa ajabu, anaokota paka waliotupwa, anawatibu, anawatafutia watu. Aliniletea jike la kijivu, kifua cheupe, umri kama mwaka mmoja. Nilimuuliza amempata wapi. Akasema kaka yake alimkuta kando ya barabara ya Bahi, amekaa wima, hakimbii magari.

Nikamtazama tena paka yule. Wa kijivu, jike, masikio yote mazima. Nikajicheka mwenyewe.

Anitha alinipa masharti, na nilimsikiliza kama ninavyosikiliza bosi. Akae chumba kimoja kwanza, mlango umefungwa. Asishikwe mpaka atake mwenyewe. Chakula saa ile ile kila siku. Atajificha chini ya kitanda siku tatu nne, tusimlazimishe. Na tumwekee nguo niliyoivaa azoee harufu ya wenye nyumba. Tukampa chumba cha mama, mama akikubali kwa kuinamisha kichwa tu.

Boksi lilipofunguliwa paka hakujificha popote. Alitoka akapita katikati ya chumba, akaenda moja kwa moja hadi kwa mama aliyekaa kitandani, akazunguka sakafuni, akazunguka, kisha akalala juu ya unyayo wake wa kushoto. Karani naye alikuwa akilala hapo hapo. Mama alimtazama muda mrefu. Halafu machozi yakamtoka, na alikuwa anatabasamu.

"Karani," alisema, "umekonda."

Nikamwambia mama, huyu jike. Akasema ameona. Nikamwambia huyu wa kijivu. Akasema macho ni yale yale. Nikamwacha, maana nilifikiri huzuni imempa faraja na mimi ni nani nimnyang'anye.

Siku ya pili, kabla hajafundishwa lolote, mama aligonga mfuniko mara tatu kutoka jikoni. Mlango wa chumba ulikuwa umerudishwa tu. Paka akausukuma kwa kichwa, akapita ukumbini mbele yangu, akaenda akakaa wima kando ya sahani. Sahani yangu. Akanikagua.

Kuanzia hapo mama alipona. Sisemi alipata nafuu, nasema alipona. Alisonga ugali wa uwele mwenyewe, akapika mlenda, akanicheka kwamba nakula kama mtu wa ofisini. Getini hakwenda tena. Nilichokuwa nakililia nimekipata, mama yuko kwangu, anakula, anacheka. Ningekuwa na akili ningeshukuru Mungu nikaishia hapo.

Lakini nilikuwa nahesabu. Kila paka huzunguka kidogo kabla ya kulala, hilo najua. Huyu alizunguka mara saba. Asubuhi saba, mchana saba, si sita wala nane, na daima kuelekea kushoto. Jumapili moja nilikaa nyumbani makusudi nikahesabu kutwa nzima. Nilipoinua macho nilimkuta mama naye anahesabu, midomo yake inacheza.

Halafu ile nguo. Nilikuwa nimechukua kitenge cha zamani bila kufikiri, nikakiweka kwenye kona yake siku ile ya kwanza kama Anitha alivyosema. Hakukilalia hata siku moja. Alikisogelea, akanusa ule ukingo uliochanika, kisha akarudi nyuma hadi ukutani na kukaa pale akinitazama mimi. Mimi si mshirikina, nasali kila Jumapili na mchango natoa. Lakini nilikitoa kitenge kile nikakitia chini kabisa ya sanduku. Jioni nikakikuta kimekunjwa vizuri juu ya kitanda changu, ukingo uliochanika uko juu. Nyumbani tulikuwa mimi na mama tu. Nilishindwa kumuuliza.

Nikampigia simu Obedi. Nilitaka aniambie neno moja tu, kwamba alimfungulia paka yule akamwona kwa macho yake akikimbilia kwenye mpunga. Nikamuuliza, ulimfungulia? Akasema hawezi kueleza kwenye simu, atakuja Jumamosi, kuna kitu changu anacho.

Alikuja saa nne asubuhi, mama akiwa uani anapepeta uwele. Obedi ni mtu wa maneno mengi, lakini siku ile alisimama sebuleni kama anayeleta taarifa ya msiba. Akatoa gunia. Akasema siku ile alisikia paka akilia nyuma ya pikapu mpaka njia panda, halafu kimya. Alipofika Bahi akalishika gunia, halina uzito. Alifikiri limetoboka. Akalitafuta tundu hakuliona, na fundo lilikuwa limefungwa vilevile. Aliogopa kulifungua, akaogopa kulitupa, akaogopa kuniambia. Miezi mitano lilikaa stoo kwake juu ya viroba vya mpunga, na miezi yote hiyo, alisema, hakuona panya hata mmoja mle stoo.

Nililichukua. Utepe wa kitenge changu ulikuwa pale, na fundo langu la mashoto ambalo mtu mwingine halifungi. Nililiinua gunia mbele ya dirisha kwenye jua nikalikagua mshono kwa mshono. Halikuwa na tundu la kupitisha hata kidole. Nikafungua fundo kwa meno. Ndani kulikuwa na manyoya machache ya rangi ya chungwa, na hakuna kingine.

Nilipogeuka mama alikuwa mlangoni, paka miguuni pake. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Paka alikuja mpaka kwenye gunia lililokuwa limeanguka sakafuni, akapanda juu yake, akaanza kuzunguka. Tulihesabu wote watatu. Obedi alikuwa amejishika kichwa. Baada ya mzunguko wa saba paka alilala, akafumba macho.

Nilitaka kusema uongo. Ulikuwa tayari mdomoni, kwamba gunia ni la mpunga, kwamba Obedi ameniletea zawadi. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imeishia pale sakafuni.

Mama hakuinua sauti. Aliniuliza kama anayeuliza bei ya chumvi.

"Ulimzungusha mara ngapi?"

"Saba," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu. "Ndiyo maana amechelewa."

Nilipiga magoti. Nikamwambia mama nisamehe, niliogopa utakufa peke yako, nikasema ukiondokewa na paka utakubali kuja. Nikalia kwa sauti, mimi ninayewakaripia watu ofisini. Akaniwekea mkono kichwani. Ulikuwa wa baridi na ulinuka pumba za uwele.

"Nilijua siku ile ya tisa," alisema. "Ulikuwa umevaa kitenge kimepungua utepe. Nikasema, mwanangu akifika kutupa paka, basi ameogopa sana. Nikaja." Akamtazama paka. "Na mimi ulinizungusha, Frida. Mara tatu, pale mjini. Huyu kashafika. Mimi bado niko njiani."

Obedi alitoka nje akaenda kusimama karibu na pikapu. Mimi nilibaki sakafuni. Nilielewa kuwa yale matonge na kile kicheko alikuwa ananipa mimi, kama mgeni anavyokula kwa heshima ya mwenyeji. Mama yangu mzazi amekuwa mgeni wangu miezi mitano, na sikuona.

Tuliondoka siku ileile. Nilimpigia mzee Nikodemo, nikamwomba radhi, nikamwomba na Erica, akasema godoro la binti liko tayari tangu mwezi wa tatu. Paka alikaa mapajani mwa mama, hana gunia, hana boksi, dirisha limeshushwa aone njia. Tulipoumaliza mji mama alimgusa Obedi begani, akamwonyesha uwanja mtupu kando ya barabara. Akamwambia azunguke mara tatu, kinyume na ile ya kwanza. Obedi hakubisha. Aliliingiza pikapu uwanjani akalizungusha, vumbi likapanda mpaka hatuonani ndani ya gari. Katika vumbi lile nilihisi paka amesimama juu ya mapaja ya mama na anageuka. Nikahesabu kwa mkia ulivyokuwa ukinipitia mkononi. Mara saba, kuelekea kulia.

Vumbi liliposhuka alikuwa amelala. Toka siku ile, Erica ananiambia, anazunguka mara moja tu kama paka yeyote.

Mtera tulifika jua likiwa juu ya maji. Mama alishuka bila kushikwa mkono, akafungua mlango wake, akapita jikoni, akautoa mfuniko kwenye kanga na kuurudisha juu ya sufuria lake. Kisha akaketi kwenye kigoda na kuvuta pumzi ndefu ambayo sikuwahi kuisikia kule Mkonze.

"Sasa nimefika," alisema. Akaniuliza nitakula nini.

Nilirudi kwangu Jumapili jioni. Nyumba ilikuwa safi, maji bombani, chumba cha ziada kimefagiliwa. Obedi alinishusha njia kuu, na ile mitaa miwili hadi kwangu, niliyoipita miaka sita, niliitafuta karibu nusu saa kana kwamba sasa mimi ndiye niliyezungushwa, mpaka muuza genge akaniita kwa jina langu, akanielekeza. Nilisonga ugali, nikaketi mezani. Kisha, ujinga tu, nikachukua mfuniko wa sufuria nikaugonga mara tatu. Sikujua namwita nani. Nilingoja mpaka ugali ukapoa.