Koti la Kuingilia

Shangazi alikuwa na neno alilolipenda kuliko chakula, nalo ni "nasaba." Mgeni akiingia kwake, kabla hajapata kiti ameshaoneshwa picha ukutani: marehemu baba yake siku aliyoteremka melini kuingia nchi hii, koti jeusi, tai, kidevu juu. "Wenzake waliingia na mafurushi kichwani," husema. "Yeye aliingia na koti." Ni kweli mikono ya koti ilimfunika mpaka kwenye kucha, lakini hilo nalo lilikuwa na jibu: ndivyo waungwana wa wakati ule walivyovaa.

Basi kijana wa ukoo wa mafundi cherehani alipoleta posa kwa binti wa kaka yake, Shangazi aliona dunia imekwisha. Kaka mtu alishafariki, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la Shangazi, na wenye posa wangekuja Jumamosi kulisikia. Binti alimpenda yule fundi na hakuficha.

"Lakini Shangazi, babu yake na babu yangu walikuja na meli moja. Wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia."

"Panya na nahodha nao huja na meli moja," Shangazi akajibu.

Alhamisi akamshika binti mkono, huyoo, mpaka idara ya uhamiaji, chumba cha kumbukumbu. Alitaka karatasi za baba yake, na alizitaka zikiwa na muhuri. Angezitandaza mezani mafundi wazisome, waone haya, waondoke wenyewe. Shangazi hakuwa mtu wa kufukuza watu.

Chumba kilinuka vumbi na gundi ya zamani. Karani alikuwa mama mwenye miwani iliyofungwa uzi, na kikombe cha chai kilichofunikwa kwa jalada la serikali. Akauliza jina la meli na mwaka, akapotelea kwenye makabati, akarudi na sanduku refu la kadi zenye picha.

"Abiria wote wamo humu. Mtafuteni wenu."

Shangazi hakuhangaika. Kadi ya kwanza tu, koti lile pale. "Huyu hapa!"

Binti akainama. "Shangazi, huyu ana ndevu."

Kweli alikuwa na ndevu, tena alikuwa kijibwana kifupi, koti limemmeza. Kadi ya pili ilikuwa ya jitu la miraba minne, koti ni lile lile, vifungo vimegoma kabisa kufunga. Ya tatu, ya nne, ya tano: tai ile ile, na fundo lake limepinda upande ule ule.

"Mbona wote wamemuiga baba?" Shangazi akauliza.

Karani alicheka hadi akaweka kikombe chini. "Mama, hilo koti sisi hapa ni jamaa yetu. Ofisa wa bandarini wakati huo alikuwa hampigi picha mtu asiye na koti. Huna koti, hupati picha. Huna picha, unarudi ulikotoka. Sasa mmoja wao alikuwa nalo, ndio wakalivaa kwa zamu. Watu wanakuja hapa kutafuta ukoo, na kila ukoo una hilo koti ukutani."

"Meli nzima?"

"Meli nzima. Labda nahodha tu ndiye alikuwa na lake."

Binti akatazama dari, midomo ameibana kwa meno.

Shangazi alikuwa anatafuta neno la kumkata karani maini, mara kadi ya baba yake ikajitokeza. Kidevu juu. Nyuma, mahali pa mizigo, mtu alikuwa ameandika kwa haraka: *Hana.* Shangazi akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma, kana kwamba mizigo ilikuwa imeangukia upande wa pili.

Kadi ya mwisho sandukuni ilikuwa ya fundi cherehani. Hapakuwa na haja ya kusoma jina. Mabega ya koti yalikaa mahali pa mabega, na mikono iliishia pale mikono inapopaswa kuishia. Mizigo: mkasi, sindano, koti moja. Mwenye koti alikuwa amewatanguliza wenzake wote, yeye akapigwa picha wa mwisho.

Njiani Shangazi alikuwa anakumbuka jambo la utotoni. Baba yake akipeleka nguo kushonwa, aliwapita mafundi watatu wa jirani, akaenda hadi kwa yule yule mmoja wa mbali, na mlangoni alivua kofia. Shangazi siku zote alidhani ule ni unyenyekevu wa mtu mkubwa. Sasa alijua ni nini, na alimkasirikia marehemu kwa kutomwambia, kisha akajionea aibu kwa kumkasirikia marehemu.

Jumamosi asubuhi akaishusha picha, akaisukuma chini ya kitanda. Ukutani pakabaki mraba mweupe unaoonekana kuliko picha yenyewe.

Wageni wakaja: kijana, baba zake wadogo wawili, na bibi yake, mjane wa yule fundi, na mkongojo wake. Wakasalimiana, wakakaa. Bibi akaangalia ukuta.

"Mwanangu, picha ya mzee iko wapi?"

"Inasafishwa kioo, mama."

"Sina bahati. Nilitaka kuliona koti letu. Lenyewe lilishaliwa na mende."

Shangazi akakaa kitako sakafuni bila kukusudia. "Mama, kumbe ulikuwa unajua?"

"Nisijue vipi? Si mimi niliyelifua, baada ya meli nzima kulitolea jasho!"

"Na miaka yote hii nikisema maneno yangu, hamkunijibu?"

"Mume wangu alinikataza. Alisema, ukimvika mtu umemsitiri. Ukienda kutangaza, umemvua. Leo nimesema kwa kuwa tunataka kuwa ndugu, na ndugu hawafichani nguo."

Masikio ya Shangazi yaliwaka moto. Alikumbuka mara zote alizosimama dukani kwao kupimwa gauni huku anawasimulia habari za lile koti, nao wakiitikia "naam, mama" na pini mdomoni. Machozi yakamtoka, na cheko nalo likatoka, vikagombania njia.

Akainuka, akaenda chumbani, akarudi na picha imejaa utando wa buibui. Akaitundika mwenyewe, imepinda. Halafu akaenda kusimama mbele ya yule kijana, akanyoosha mikono miwili kama anayepekuliwa.

"Nipime."

Kijana akamtazama binti, akamtazama bibi yake. "Nikupime nini, Shangazi?"

"Gauni la harusi! Siku hiyo unataka nije na shuka?" Akafuta macho kwa bega, mikono ikiwa bado hewani. "Ila mikono, baba, tafadhali. Mikono isizidi."