Uzito wa Shangazi

Bosi wetu hapendi siri. Tulipohamia ofisi mpya aliita mafundi wang'oe kila mlango, wakabakiza wa choo tu baada ya mhasibu kutishia kuacha kazi. Nilicheka na wenzangu, nisijue kwamba zamu ya programu yangu inakuja.

Programu hiyo ni ya kliniki ya saratani. Hukokotoa dawa ya kila mgonjwa kutokana na uzito wake. Nilikuwa nimeandika klasi ya mgonjwa, yaani ramani moja inayojenga rekodi za wagonjwa wote, na uzito nikaufungia ndani. Anayetaka kuubadilisha apite njia moja tu, akaguliwe kwanza.

"Unaficha nini humo?" bosi akaniuliza mbele za watu.

"Sifichi, bosi. Nalinda."

"Hapa tunaaminiana. Fungua."

Nikafungua shingo upande. Shangazi yangu, aliyenilea, anatibiwa kliniki hiyo hiyo.

Haikupita wiki, mpwa wa bosi, mbunifu wa mwonekano wa programu kwenye skrini, akaona nukta ya desimali kwenye uzito inaharibu urembo wa tarakimu zake. Akaifuta. Hakuifuta kwenye skrini, bali kwenye rekodi zenyewe, kwa kuwa hapakuwa na cha kumzuia.

Muuguzi akanipigia simu. "Shangazi yako ana kilo mia tano ishirini na nne. Nimtundikie dripu, au nitafute mizani ya malori?"

"Usimpe kitu, dada."

"Simpi. Nimesimamisha wote mpaka mrekebishe. Ila ujue yeye hana siku za kupoteza."

Nikamwomba bosi ruhusa ya kurudisha nukta na kufunga klasi. Akasema nirudishe nukta, lakini kufunga kungemvunja moyo mpwa wake. Tuitishe kwanza kikao cha kuaminiana. Muuguzi naye, nilipomweleza, akashikilia: bila kufuli, hatundiki dripu.

Kisha simu ya bosi ikalia. Alisikiliza, akaishiwa rangi, akaja kuinama mezani kwangu.

"Mama watoto yuko kwenye foleni pale kliniki," akanong'ona. "Rekodi ya kwake ifunge. Ya kwake tu."

"Haiwezekani, bosi. Klasi ni moja. Nikifunga nimewafungia wote, nikiacha nimewaacha wote."

Akajikuna kipara. "Basi funga."

Jioni ile shangazi alipata dawa ya kilo hamsini na mbili na nukta yake, kwa sababu nyuma yake kwenye foleni alikaa mke wa bosi.