Ukuta wa Upande wa Kitanda

Emlyn alikuwa na kifua kibovu kabla hajalala hata mara moja ndani ya karavani ile. Nimeambiwa hivyo na mkewe, na mke wangu, na hata daktari alisema. Nawashukuru wote. Hainisaidii.

Kazi yangu ni kutengeneza karavani, vijumba vya kuvutwa na gari, hapa Withernsea, ambako upepo wa bahari huleta chumvi mpaka jikoni. Rafiki yangu Wilf Sizer alifiwa na mkewe, akataka kuuza karavani yao upesi, kwa sababu kila alipoiona uani alilia. Niliukagua ukuta wa mbele. Nilipobonyeza plaiwudi ya ndani, kidole kilizama kama kwenye mkate uliolowa chai.

"Imeoza, Wilf. Hapa ni kubomoa mpaka bati la nje."

"Ubomoe nini, Norris? Mimi nataka iondoke tu. Bandika ubao juu, pitisha gundi, kwisha. Nani atajua?"

"Atakayelala humu."

"Watu hulala humu wiki mbili kwa mwaka, tena kiangazi. Usinifanye niendelee kuitazama, ndugu yangu."

Nikabandika. Ubao mwembamba juu ya uozo, karatasi ya ukutani yenye maua, gundi nyeupe kwenye kingo. Ilipendeza kweli. Jumamosi ya wiki ile ile ikapata mnunuzi.

Miaka mitatu baadaye, mwezi wa Februari, mwanamke mmoja aliingia nayo kwenye yadi yangu, akiivuta kwa gari kuukuu. Jina lake Glenys, Mwelshi, mfupi, skafu kichwani. Niliitambua karavani kabla hajazima injini.

"Inanuka, bwana," alisema. "Nimeufuta ukungu kwa siki, nimeufuta kwa dawa, wiki haiishi umerudi. Na mume wangu analala upande huo huo."

"Mnaishi humu mwaka mzima?"

"Tuishi wapi tena? Nyumba tuliiuza tuje karibu na binti yetu. Emlyn amechimba makaa miaka ishirini na sita. Kifua chake hakikuhitaji kusaidiwa na ukuta."

Emlyn alikuwa ndani ya gari, blanketi magotini. Aliteremsha kioo. "Wewe ndiye daktari?" akaniuliza, akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Nilisimama pale nikingoja kiishe. Kilichukua muda.

Walienda kulala sebuleni kwa binti yao, nami nikaanza kubomoa. Nyuma ya ubao wangu kulikuwa kweusi tii. Fremu ya mbao ungeweza kuichota kwa kijiko. Na alumini ya nje, iliyokaa miaka yote imegusana na mbao zilizolowa, ilikuwa imeliwa, imetoa unga mweupe, imejaa vitundu kama vya sindano vinavyopitisha mwanga. Kila nilipokwaruza, kitundu kilipanuka. Nilidhani uozo utakoma dirishani. Ulifika mlangoni.

Mke wangu Avril alileta chakula cha mchana, akachungulia. "Hii si ya Wilf hii?"

"Ndiyo."

"Na wenyewe wanajua ulichofanya?"

"Bado."

"Unangoja nini sasa? Ioze na iliyobaki?"

Kesho yake Glenys alikuja kuchukua ndara za mumewe. Nilimwonyesha ule ubao. "Huu niliuweka mimi," nikasema. "Na nilijua kilichokuwa nyuma yake."

Aliushika, akaugeuza upande mweusi, akaugeuza tena. "Ulijua."

"Nilijua."

"Halafu ukakaa ukachagua karatasi ya maua."

Akaulaza ubao chini taratibu. "Maliza kazi," akasema, akaondoka. Ndara alizisahau.

Nilikata alumini yote iliyooza, nikaweka bati jipya, mbao zilizotiwa dawa, ribiti mpya, nikaziba kila kiungo. Siku ya kumi na moja Avril alikuja yadini akiwa hana koti. Aliniambia Emlyn amelazwa hospitalini Hull, mapafu yamejaa maji. Alifariki Alhamisi. Dirisha la mwisho lilikuwa bado liko mezani kwangu.

Nilikwenda kwa Wilf kumwambia. Alinisikiliza akiwa kashika mlango. "Nilikuwa nimefiwa, Norris," alisema, akaufunga.

Baada ya mazishi nilimngoja Glenys nje ya kanisa. "Ni ule ukuta?" nikamuuliza.

"Daktari anasema ni makaa. Huenda ni makaa. Huenda bila ukuta ule angeishi miaka mingine mitatu." Alinitazama usoni. "Unataka nikwambie ndiyo au nikwambie hapana, upate kupumzika. Mimi sina cha kukupa, bwana."

Karavani aliichukua, ndimo anamoishi mpaka leo, kwenye uwanja mmoja wa karavani karibu na Hornsea. Kila Oktoba na kila Machi nakwenda kuipima unyevu. Hakuniita, wala hajanikataza. Hufungua mlango, akatoka, akasimama kwenye upepo kakunja mikono mpaka nimalize. Ukuta ni mkavu. Namwambia hivyo, naye huitikia kwa kichwa, huingia na kufunga. Chai hajawahi kunikaribisha.