Daftari la Mzee Felisiani

Tangu mkewe afariki na binti zake waolewe huko Buger, mzee Felisiani wa Mbulumbulu alibaki na mtu mmoja tu wa kunywa naye chai ya jioni: Ngoyai, mchungaji wake wa Kimasai. Wazungumzaji hawakuwa. Walikaa kwenye benchi, wakapuliza vikombe, wakatazama ng'ombe wakiingia zizini, na kwa mgane hayo yalitosha.

Miaka tisa walikuwa hivyo. Mapatano yao yalikuwa ya mdomo: shilingi arobaini kwa mwezi, na kila mwaka mtamba mmoja, akae humo humo zizini pamoja na ng'ombe wa mzee.

Mwaka 1976 akaja afisa kazi na pikipiki yake. Akataka daftari la mishahara, na orodha ibandikwe mlangoni pa ghala, kila mfanyakazi aone malipo yake na ya mwenzake.

"Mali bila daftari hupotea bila habari, mzee wangu," alisema, akaahidi kurudi baada ya mwezi.

Felisiani alikuwa mtiifu kwa serikali kupita kiasi, wa aina ile inayolipa kodi kabla haijadaiwa. Akachonga penseli. Inosenti, dereva wa trekta: shilingi mia tatu. Ngoyai: arobaini. Na mitamba je? Hapo akasita. Mmasai hahesabiwi ng'ombe wake. Kuwatia idadi ni kuwatakia mabaya. Basi kwa heshima akaacha arobaini peke yake, akaenda kubandika, tena roho kwatu.

Ngoyai hakujua kusoma. Inosenti ndiye aliyemsomea, huku akicheka mpaka akashika mbavu.

Jioni ile chai ilipoa. Felisiani akamfuata zizini, aibu imemjaa.

"Niliogopa kuhesabu, Ngoyai. Ni mila yenu."

"Nani alikwambia uhesabu? Ungeandika rangi zao. Sasa karatasi ya serikali inasema sina ng'ombe hapa."

"Nitaandika kesho."

"Haya, nitajie," Ngoyai alisema, kwa upole kabisa. "Wangu ni wepi?"

Felisiani akaonyesha yule mweusi mwenye tumbo jeupe. Akaonyesha wa kijivu. Kisha mkono ukabaki hewani. Magunia yake ya ngano aliyajua hadi kilo ya mwisho, lakini mshahara wa rafiki yake, uliompita mbele ya pua kila jioni kwa miaka tisa, hakuujua.

"Wa kijivu ni wako, mzee," Ngoyai alisema.

Asubuhi Ngoyai akawaita ng'ombe wake kwa majina, mmoja mmoja. Wakatoka wenyewe. Akawaswaga kuelekea Ngorongoro, wala hakugeuka nyuma. Felisiani alilia waziwazi, mbele ya Inosenti.

Afisa aliporudi alilisifu daftari. Kasoro aliona moja tu, pale palipotakiwa sababu ya mtu kuacha kazi. Felisiani alikuwa ameandika: "Sikuwajua ng'ombe wake."

"Hii si sababu, mzee. Andika 'kwa hiari yake'."

"Kaa kidogo basi, bwana afisa, nikueleze."

"Nachelewa kufika Kansay, mzee wangu."

Felisiani akafuta, akaandika alivyoambiwa, muhuri ukagongwa. Kwa serikali mambo yakawa sawa. Pikipiki ilipoondoka alibaki amekaa palepale na daftari magotini, na mtu wa kumweleza hana.